Bahari Inalegea

Belarmino Patrício hakujua kuogelea, na hakuona kwa nini ajue. "Ukianguka pale," alikuwa akisema, "kuogelea ni kurefusha mazungumzo tu." Watu walicheka. Na mimi nilicheka huku nikiwamiminia kahawa, maana miaka ile lilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Mgahawa wangu ndio nyumba ya mwisho ya kijiji chetu, Vale Coelho. Ukiupita, barabara inageuka njia ya mbuzi, na njia ya mbuzi inakatika ghafla juu ya majabali. Chini ya majabali, kimo cha mnara wa kanisa mara tatu, ndipo ilipo bahari. Baba aliniachia mgahawa huu nikiwa na miaka ishirini na sita. Kila mwanamume aliyekwenda kuvua alipita mlangoni kwangu akienda, akapita tena akirudi. Niliwahesabu bila kukusudia, kama mtu anavyohesabu kuku wake wakiingia bandani.

Hakuna aliyekuwa na mashua. Ufuko wetu hauna mahali pa kuifunga. Watu walivua kwa mwanzi, wakishuka kwa kamba hadi kwenye vibao vya mwamba vilivyochomoza juu ya maji, na kila kibao kilikuwa na jina: Sebule, Mimbari, Kitanda cha Padri. Tena walikwenda bahari ikiwa mbaya. Sargo, huyu samaki wetu wa mistari myeusi, siku za shwari hukaa mbali, huona hata kivuli cha kofia yako. Lakini bahari ikichafuka, mawimbi yakibandua kome mwambani na maji yakawa povu tupu, huja kula hapo hapo chini ya jabali, haangalii ndoana wala mshipi.

Kwa hiyo bahari lazima iwe mbaya, ila isiwe inazidi kuwa mbaya. Hapo ndipo ulipo uhai wa mtu. Bahari iliyochoka, inayolegea baada ya dhoruba, itakupa samaki mpaka mgongo ukuume. Bahari inayopanda inafanana na hiyo kama pacha, kwa saa moja, kwa saa mbili. Halafu inakuja kukuchukua.

Belarmino ndiye aliyejua kuwatofautisha pacha hao.

Kila asubuhi ya bahari chafu alikwenda kukaa juu ya jabali kwa muda wa sigara mbili. Hakuna aliyethubutu kumsemesha akiwa pale. Kisha alirudi mgahawani, anasimama mlangoni, anasema neno moja: "Inalegea," au, "Inapanda." Akisema inalegea, watu walibeba kamba zao. Akisema inapanda, waliagiza kikombe kingine na kuanza kulalamikia serikali. Nilipokuwa bado msichana, watu wanne wa mjini walimcheka, wakamwita mzee wa mkosi, ingawa hakuwa hata mzee wakati huo. Walishuka wanne, akapanda mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena.

Nisimpake mafuta: hakuwa mtu wa kupendeza sana. Alilima viazi vitamu na maharagwe, akamsema punda wake kuanzia asubuhi mpaka jioni, na alikuwa na kiburi cha chini chini, kile cha mtu anayejua kwamba watu wakinyamaza wanamngoja yeye. Mkewe, Zulmira, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Ndugu wa Zulmira, Gualdino, ndiye aliyekuwa mwenziwe wa kuvua kwa miaka ishirini. Sebule ilikuwa ya hao wawili, na mtu mwingine hakutia mguu bila kuwaomba. Binti pekee wa Belarmino na Zulmira, Celeste, alikuwa Ufaransa na mumewe.

Mwaka ninaousimulia, Belarmino alikuwa na miaka sitini na moja.

Mwezi wa kumi nilimwona akitia sukari mezani. Kijiko kilipita kando ya kikombe kwa upana wa kidole, sukari ikamwagika yote juu ya mbao, naye akakoroga kahawa yake chungu, akainywa yote, asikunje uso. Nilifuta meza. Wiki iliyofuata aliingia mchuuzi wa kondoo, mtu mnene mwenye koti jeusi, na Belarmino akamwambia kwa heshima kabisa, "Za asubuhi, Padri." Mgahawa mzima ukapasuka kwa kicheko, kwa sababu mchuuzi yule dhambi zake zilijulikana mpaka wilaya ya pili. Belarmino naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Mimi niliona kwamba hakuwa ametania.

Mwezi wa kumi na moja alinijia saa za mchana, hakuna watu, akaweka barua mbele yangu.

"Nisomee, Vina. Miwani nimeisahau nyumbani."

Belarmino hakuwahi kuwa na miwani. Nikamsomea. Celeste alisema mtoto ameota meno mawili, na kwamba kule mvua haikatiki. Nilipomaliza niliikunja barua polepole, nikijipa moyo.

"Belarmino, macho yako…"

"Macho yangu yamefanya nini?"

"Nauliza tu."

"Basi yaulize yenyewe, yapo mawili." Akaitia barua mfukoni. Kisha akashusha sauti. "Bahari haitazamwi tu, mwanangu. Inasikika. Mimi naisikia hata nikiwa kitandani."

Na ilikuwa kweli. Mwezi ule wote, na mwezi wa kumi na mbili wote, neno lake halikukosea hata mara moja. Nikajiambia, si shughuli yangu. Mwenye mgahawa anayesema kila anachokiona hamalizi mwaka. Siku moja nilimgusia Zulmira, kwa kuzunguka, nikamwambia mumewe siku hizi anatembea akigusa kuta.

"Anaona anachotaka kuona," Zulmira alinijibu. "Amekuwa hivyo tangu nimwoe."

"Tangu akuoe."

"Nimesema nilichosema."

Sikuligusa tena.

Dhoruba iliingia baada ya sikukuu ya Wafalme, ile ya Mamajusi, mwezi wa kwanza. Nimezaliwa hapa na sijaona nyingine kama ile. Siku nane upepo ulitoka baharini bila kupumzika, ukibeba povu juu ya majabali na kulitupa barabarani vipande vipande kama sufu ya kondoo. Chumvi iliganda madirishani mpaka nikawasha taa mchana. Sakafu ilitetemeka, na vile vigilasi vya pombe kali kwenye rafu vilikuwa vikigongana vyenyewe, ti-ti-ti, kutwa kucha, mpaka nikavishusha na kuvifunga ndani ya taulo. Watu walikuja, wakakaa, hawakusema mengi. Mwanamume mmoja aliniomba nizime redio, kwa maana alitaka kusikia. Kusikia nini, hakusema.

Zulmira alikuja kununua mkate siku ya saba. Macho yalikuwa mekundu.

"Halali usingizi," alisema. "Amekaa kitandani, sikio ukutani, kama daktari. Namwambia lala, ananiambia nyamaza."

Siku ya tisa, Alhamisi, kabla hakujapambazuka vizuri, upepo uligeuka. Sasa ulitoka nchi kavu, baridi na mkavu, ukinuka mikalitusi na mazizi ya nguruwe. Na ile ngurumo tuliyolala nayo siku nane ikasogea mbali, ikawa kama lori linalopita bonde la pili. Mimi mwenyewe nilipofungua dirisha nilisema, ah, afadhali. Kutoka mgahawani bahari haionekani, imefichwa na kilima. Tunaisikia tu. Na upepo ukitoka nyuma yako, huchukua sauti yote ukaipeleka majini. Jambo hilo kila mtoto wa hapa analijua. Asubuhi ile hakuna aliyelikumbuka.

Belarmino alirudi kutoka jabalini saa moja na nusu. Hakusimama mlangoni kama kawaida. Aliingia mpaka ndani, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Wavuvi watano walikuwa wakimngoja, Gualdino mmoja wao, ameshajifunga kamba begani.

"Haya, shemeji, nabii wetu, tufungulie kinywa," Gualdino alisema. "Siku nane nakula maharagwe. Mke wangu ameanza kulala chumba cha pili."

"Afadhali yake," mtu mmoja alisema, wakacheka.

"Usinikimbize," Belarmino alisema.

"Nani anakukimbiza? Nakuuliza tu. Imelegea au haijalegea? Kama umezeeka, sema, tumtume punda wako akatazame."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mkono mmoja tu kati yetu. Aliyatupa macho begani kwangu, kwenye chupa, kwenye dirisha, na ndani ya macho yale niliona ukungu, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Angeweza kusema, "Sijui." Neno dogo. Lakini katika mgahawa ule hakuna aliyewahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na nadhani hata yeye hakujua lingetokaje.

"Inalegea," alisema.

Gualdino alipiga kaunta kwa kiganja, viti vikasogezwa, na ndani ya dakika mbili mgahawa ulibaki na wazee wanne tu wasioshuka tena jabalini. Mimi niliendelea kufuta kikombe. Nakumbuka kilikuwa kimeshakauka.

Robo saa baadaye ikaja pikipiki ya Fausto. Huyu alikuwa mpiga lipu, miaka ishirini na minane, nywele zake daima na vumbi jeupe, mtu wa kufanya kila kitu mbio. Alikuwa amemwoa Idalina, fundi cherehani wa mtaa wa juu, mwezi wa kumi na moja tu. Hakuvua helmeti.

"Dada Vina, kahawa ya kumeza mara moja! Mzee kasemaje?"

"Amesema inalegea."

"Mungu ambariki mzee yule!" Akaimeza kahawa, akajiunguza, akapepea ulimi kwa mkono. "Akipita mke wangu, mwambie saa sita mkaa uwe tayari."

"Unakwenda wapi?"

"Mimbari. Sebule wale mashemeji wawili wameshajibana kama wako kwenye kitanda cha arusi."

"Peke yako?"

"Na nani? Njoo basi, nitakushikia mkoba."

Akatoka akicheka. Niliisikia pikipiki mpaka juu ya kilima, halafu sikuisikia tena.

Yaliyotokea Sebule nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupingana.

Desturi yao ilikuwa kwamba Gualdino hushuka kwanza, Belarmino amshikie kamba juu, kisha naye afuate. Asubuhi ile Gualdino alishuka, akafika, akapiga mluzi. Belarmino hakumfuata. Alimwita chini kwamba anamaliza sigara, akakaa. Alikuwa amehisi kitu matakoni. Jabali lilikuwa likipigwa, nalo likipigwa hutetemeka mpaka juu, na mtetemo hauchukuliwi na upepo. Akaanza kuhesabu kutoka pigo hadi pigo. Siku zote za dhoruba mawimbi yalikuwa yakifuatana mbio mbio. Alikuwa akifika nane, tisa, jabali linapigwa. Sasa alifika kumi na tano. Akahesabu tena, akafika kumi na saba. Mawimbi yanayokuja polepole ndiyo yaliyotoka mbali, na yaliyotoka mbali ndiyo makubwa. Nyuma ya dhoruba ile ilikuwa inakuja nyingine, ikituma mabega yake mbele. Mtu mwenye macho angeuona mstari mweusi upeoni kabla hajakaa.

Aliita. Upepo wa nchi kavu ulimpitisha sauti juu ya kichwa cha Gualdino, ukaitupa baharini. Akavuta kamba mara tatu, ishara yao ya hatari tangu zamani. Lakini Gualdino alikuwa ameifungua kiunoni na kuifunga kwenye pete ya chuma mwambani, kwa sababu samaki walikuwa wanakula na kamba ilimzonga.

Basi Belarmino akashuka. Aliniambia kwamba kushuka hakukumpa tabu hata kidogo: miguu ilijua kila tundu, mikono ilijua kila jiwe. "Nilishuka vizuri kuliko nilivyowahi kushuka," alisema, na alilisema kwa uchungu.

Gualdino alimpokea akiwa na ndoo imejaa nusu.

"Umechelewa, shemeji! Saba nimeshawatoa. Tupa mshipi wako upande huu."

"Panda."

"Nini?"

"Panda juu sasa hivi. Inapanda."

"Wewe si umesema…"

"Sioni, Gualdino. Sijaiona bahari tangu tuvune viazi. Nilikuwa nasikiliza."

Gualdino alicheka. Ndivyo alivyoniambia: alicheka, kwa sababu uso wa shemeji yake ulikuwa karibu mno na macho yake yalikuwa yakimtazama sikioni. Kisha kicheko kikamkauka, kwa kuwa nyuma yao palikuwa pamenyamaza. Aligeuka. Maji yalikuwa yameondoka. Chini ya Sebule, mahali ambapo kwa miaka ishirini hakuwa ameona ila povu, mwamba ulikuwa umesimama mtupu, mweusi, unachuruzika, na kome wake, na mashimo yake, na kamba ya mtu fulani wa zamani imenasa katikati ya mawe.

"Pete," Belarmino alisema. "Nipe mkono wako, nionyeshe pete."

Wimbi la kwanza liliwafika magotini. La pili liliwapitia juu. Gualdino anasema haikuwa kama maji, ilikuwa kama kuangukiwa na ukuta wa nyumba, na alisikia paja lake likivunjika kabla hajasikia maumivu. Lilipoondoka, ndoo, mianzi, mifuko, vyote havikuwapo. Belarmino alikuwa amelala juu yake, mkono mmoja umepita ndani ya pete mpaka kiwikoni, akimzungushia kamba kifuani na kuikaza kwa meno.

Yalikuja mengine matatu. Baada ya hapo bahari ikashusha pumzi, kama inavyofanya, na Belarmino akapanda peke yake kumtafutia watu.

Ilikuwa saa nne hivi alipoingia mgahawani. Kwanza alijigonga kwenye mwimo wa mlango. Alikuwa amelowa, buti moja halipo, mkono wa kulia umechunwa ngozi mpaka kiwikoni. Mbali na wale wazee, walikuwapo wanaume wanne waliokuwa wamerudi kutoka Kitanda cha Padri, wametishwa na bahari, na sasa walikuwa wakijisifu kwa kurudi.

"Kamba ndefu," alisema. "Gualdino yuko Sebule, paja limevunjika, nimemfunga kwenye pete. Upesi!"

Walitoka mbio. Yeye akabaki katikati ya sakafu yangu, maji yanamtiririka, anageuza kichwa huku na huku.

"Vina?"

"Niko hapa."

"Nani mwingine ameshuka leo?"

Nilikuwa najua tangu alipoingia. Nilikuwa nimeshahesabu.

"Fausto," nilisema. "Mimbari."

"Hakuwapo hapa niliposema."

"Hakuwapo."

"Basi nani alimwambia?"

"Mimi. Nilimwambia ulichosema."

Alinyoosha mkono, akatafuta kiti, hakukipata, na mimi sikuweza kutembea kumpelekea.

Nilifunga mgahawa, nikamshika mkono, tukaenda. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kwenye kichaka juu ya Mimbari, helmeti imetundikwa kwenye usukani. Kamba yake ilikuwa bado imefungwa juu, fundo zuri, fundo la mtu anayejua kazi. Nilitambaa kwa tumbo mpaka ukingoni nikachungulia. Kamba ilining'inia mpaka chini, na ncha yake ilikuwa ikichezacheza hewani. Chini yake Mimbari ilikuwa inazama na kuibuka, inazama na kuibuka. Hapakuwa na mtu.

"Unaona nini?" Belarmino aliniuliza kutoka nyuma. "Vina, unaona nini?"

Gualdino alivutwa juu akiwa hai saa tano na nusu. Fausto alitafutwa siku kumi na moja. Bahari haikumrudisha.

Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba walimsifu Belarmino. Hakuna aliyejua habari ya macho ila Gualdino, aliyekuwa hospitali mjini, na mimi. Watu walisema bahari imegeuka, hutokea, hata yeye si Mungu. Na tazama, mtu wa miaka sitini na moja ameshuka kumwokoa shemeji yake katikati ya mawimbi. Jumapili padri alimtaja kanisani. Watu wakageuka kumtazama. Alikuwa amekaa safu ya tatu, mkono umefungwa bandeji, anatazama mbele, na Zulmira kando yake alikuwa analia bila kutoa sauti. Idalina hakuwapo.

Jumatatu alinijia kabla sijafungua.

"Nipeleke kwa Idalina," alisema. "Lango lao siku hizi sijui liko upande gani."

"Belarmino, mwache kwanza. Bado wanatafuta."

"Unanipeleka au nikapapase kuta za watu?"

Nikampeleka. Idalina alikuwa amekaa kwenye cherehani, hashoni kitu. Alituonyesha viti. Belarmino alikataa kukaa. Alisimama kofia mkononi, akamwambia yote, tangu sukari ile mezani, jambo ambalo mimi nilidhani hakulijua. Hakujitetea. Alisema, "Mimi ni kipofu, na nilisema inalegea kwa sababu niliona haya kusema sijui."

Idalina aliweka mikono juu ya cherehani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilimtazama mikono, maana usoni sikuweza.

"Angekwenda hata kama ungesema inapanda," alisema mwisho. "Ndivyo alivyokuwa. Nilishagombana naye mara ngapi." Akavuta pumzi. "Lakini hukusema."

"Sikusema."

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada Vina? Macho yake ulikuwa unayajua?"

"Nilijua," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu anayepokea vipimo vya nguo. Akainuka, akatufungulia mlango. Wiki ile ile kijiji kizima kilijua, kwa kuwa Belarmino alimwambia kila aliyeuliza na asiyeuliza. Wengine waliacha kumsalimia. Wengine waliacha kuja mgahawani kwangu, na sikuwalaumu.

Gualdino alitoka hospitali mwezi wa tatu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Watu walidhani hatamsemesha tena shemeji yake. Alikwenda moja kwa moja mpaka shambani kwake, na magongo yake, akasimama kwenye matuta ya viazi.

"Ungeniambia tu, mjinga wewe," alimwambia. "Ningekuwa macho yako. Tungeivua Sebule mpaka tung'oke meno."

Zulmira aliyesikia anasema Belarmino alikaa chini pale pale kwenye udongo.

Mwezi wa tano Celeste alikuja akamchukua, akampeleka kwa daktari wa macho kule Ufaransa. Alirudi mwezi wa saba. Alisimama mlangoni kwangu, akanitazama, mara hii akinitazama mimi hasa.

"Vina," alisema, "umezeeka."

"Asante sana."

Akakaa, akatia sukari kikombeni, yote. Alikoroga muda mrefu.

"Dakika ishirini," alisema. "Dakika ishirini kila jicho. Daktari kijana tu, anapiga mluzi akifanya kazi. Akaniuliza kwa nini sikuja mapema." Hakuniambia alimjibu nini.

Majira ya baridi yaliyofuata, bahari ilipogeuka nyeupe, wanaume watatu walimwendea nyumbani asubuhi. Macho si yamepona? Walimwomba neno tu. Belarmino aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia waende wakakae jabalini muda wa sigara mbili, kila mtu na macho yake, na yeyote atakayekuwa na shaka aseme sijui kwa sauti ili wenzake wasikie. Kisha akafunga mlango. Hakupita tena njia ile ya mbuzi, na viazi vyake alivihamishia shamba la bondeni, ambako husikii ila vyura.

Aliishi miaka tisa zaidi. Alikufa kwa mapafu, mwezi wa nane, joto kali, nyumbani kwake, Gualdino akimpepea kwa gazeti. Maziko yalikuwa na watu wachache. Tulipokuwa tunateremsha jeneza niliinua macho nikamwona Idalina. Alikuwa ameolewa tena, mji wa mbali, na alikuwa amenenepa. Sijui nani alimpa habari. Alisimama nyuma kabisa, karibu na geti, mkoba kifuani. Nilitaka kumwendea. Nilipiga hatua moja, mbili, na tayari nilikuwa najua sina la kumwambia. Alisubiri mpaka udongo wa kwanza uliposikika juu ya mbao, kisha akageuka akaenda kituo cha basi, na mimi sikumwita.